Nyumba Tuliyompambia Mwekezaji

Nimesoma mpaka darasa la saba tu, na kuandika si kazi yangu. Kazi yangu ni cherehani. Kwa hiyo nitasema nilichokiona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Nyumba yenyewe ilikuwa katika mtaa wa zamani hapa Babati, kwenye ule mstari wa maduka yaliyojengwa na wafanyabiashara wa kale. Kuta zake zilikuwa za udongo, nene, bati limeshika kutu, na mbele kulikuwa na baraza ndefu yenye nguzo za mbao. Mimi nilishonea pale barazani. Chumba cha nyuma aliishi mwenye nyumba, bibi mjane, Mgorowa wa kijiji cha Sigino aliyeletwa mjini na mumewe akiwa binti. Mwanawe alikuwa amejenga mtaa wa Maisaka, nyumba nzuri ya tofali, na kila mara alikuja kumwomba ahamie kwake. Bibi alimjibu jibu moja.

"Humu nitatoka nimebebwa. Siku nikitoka na miguu yangu, jua mmenifukuza."

Mwana hakuwa mtu mbaya. Watu mtaani walisema anaitamani nyumba, lakini mimi nilimwona mwenyewe akipanda juu ya bati kuziba matundu, na umri wake si wa kupanda mabati. Mwaka ule alimwambia mama yake mbele yangu kwamba bati limemshinda, na mvua zikianza itabidi ahame, apende asipende.

Ndipo afisa mmoja wa halmashauri akaja kwenye mkutano wa mtaa. Alisema kuna mwekezaji ana nyumba za wageni mikoa mingine. Watalii wanapita Babati kwenda mbugani, hawashuki hata kununua ndizi, na yeye anataka mtaa wa zamani wa kuwalaza. Atapanga vyumba vya mbele, atatengeneza paa, na wenyeji watabaki. Mwana akauliza kuhusu mama yake.

"Bibi habanduki," afisa alisema. "Yeye ndiye historia yenyewe."

Watu wakacheka, na Bibi naye akacheka. Nadhani yule afisa alisema kwa moyo. Basi ikawa hivyo: mwekezaji akiikubali nyumba, Bibi anabaki. Akiikataa, ni Maisaka.

Sasa kwetu mgeni haonyeshwi kilichochakaa. Mgeni akija unatoa vile vikombe ambavyo watoto hawavigusi, unatandika kitambaa cheupe juu ya kochi lililotoboka. Sikumbuki ni nani alisema kwanza kwamba nyumba zile ni aibu kuonyeshwa hivyo. Huenda hakuna aliyesema, ila wote tulilijua. Miaka yote kabla ya mvua Bibi alikuwa akisiriba kuta kwa udongo wa kichuguu na samadi, na sisi wanawake wa barazani tukimsaidia. Safari hii kamati ya mtaa ilileta sementi. Kuta zikapigwa lipu mtaa mzima, zikapakwa rangi ya maziwa. Nguzo za mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa kwa chini, zikakatwa, yakasimamishwa mabomba ya chuma. Milango ya mbao ikang'olewa, ikawekwa ya geti.

Bibi alifurahi, hilo lazima niliseme. Alikaa kwenye kiti akiwatazama vijana wa rangi.

"Mnanipaka poda hivi, nani ananioa?"

"Mwekezaji, Bibi. Utakula kuku kila siku," kijana mmoja akamwambia.

"Kwa meno gani? Mwambieni alete mchuzi."

Mimi pia nilisema imependeza. Ilipendeza kweli.

Siku ya ugeni tuliambiwa tuondoe meza na cherehani ili mtaa uonekane msafi. Tukavaa vitenge vya sare, tukasimama kupiga makofi. Mwekezaji alikuwa Mtanzania wa Dar, mtu mpole, na alifuatana na dada mmoja ambaye kazi yake ni kuchora majengo. Walishuka, wakatazama juu, wakatazama chini ya mtaa. Walipewa chai wakiwa wamesimama.

"Na zile nyumba za zamani ziko wapi?" mwekezaji akauliza.

"Ndizo hizi," afisa akasema. "Tumezirekebisha."

Yule dada akagonga ukuta kwa kidole, akasogea, akagonga tena. "Kwenye picha tulizotumiwa kulikuwa na nguzo za mbao."

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Ndizo zilizochemsha hiyo chai."

Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika. Mgeni alitazama kikombe chake, akanywa mpaka mwisho, akasema chai ni nzuri. Sijui mtu angefanya nini zaidi ya pale kwa heshima. Alimwamkia Bibi, shikamoo, akaitikiwa. Alisema watafikiria, wakaondoka.

"Amesemaje?" Bibi akamwuliza mwanawe.

"Atafikiria, mama."

"Anayefikiria hukaa. Huyu ameondoka."

Hakurudi.

Mvua zikaanza. Mwana aliomba Bibi ahame, Bibi akaomba angalau mvua hizi zipite. Kwa nje ukuta ulikuwa mzuri kuliko ulivyowahi kuwa. Ndani maji ya bati yalikuwa yakishuka kwenye udongo nyuma ya lipu, na sisi hatukuyaona. Mchana mmoja nikiwa nashona nilisikia kitu kama gunia la mahindi limedondoshwa. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa umelala juu ya kitanda. Bibi alikuwa uani anaosha sufuria. Alipita katikati ya vumbi na maji, akatoka mbele akiwa bado ameishika ile sufuria, akasimama barazani karibu nami.

"Fundi, umeniona?" akasema. "Nimetoka na miguu."

Nilimwambia pole.

Fundi mmoja wa ujenzi aliniambia udongo ukifungwa na sementi haupumui, unaoza. Mwingine akasema ni bati tu, ungeanguka hata bila sementi. Sijui nimwamini nani. Mabaki yalibomolewa pamoja na nyumba za jirani, kwa usalama wa wapita njia, na hilo lilikuwa sawa. Mimi nilipata pa kushonea kwa shemeji yangu, kule kijijini Mutuka.

Bibi alitunzwa vizuri Maisaka, nililiona mwenyewe. Hakuufikia msimu mwingine wa mvua. Siku ya mazishi yake, mwanawe aliagiza gari lipitie mtaa wa zamani, lisimame pale waombe kidogo, kisha liende Sigino. Tulikuta magugu na magari ya watu yameegeshwa. Mchungaji akauliza chumba chake kilikuwa upande gani. Wanaume wakaanza kubishana, huyu huku, yule kule, kwa sababu mabomba nayo yalikuwa yameshang'olewa. Mwana akanigeukia.

"Wewe ulikaa hapa miaka yote. Tuonyeshe."

Nikanyoosha mkono kwenye magugu. Wakashusha jeneza, wakaliweka pale, wakaomba, wakalibeba. Nilikuwa na hakika wakati nanyoosha mkono. Tukiwa njiani kwenda Sigino nilianza kuona kama nilionyesha kiwanja cha jirani, na mpaka leo sijamwambia mwanawe, maana huenda nilikuwa sahihi.