Jina Langu Nyuma ya Ukuta

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa mke mchanga hapa Kilwa Kivinje, mimba yangu ya kwanza ina miezi sita. Chumba chetu kilipakana na cha Bi Lalita, mjane wa Kihindi, fundi cherehani. Kila alfajiri aligonga kakengele, akavuta sauti ndefu, "Ommm," kisha akasoma maneno nisiyoyajua. Siku hiyo, mwishoni, nikasikia jina langu mara tatu: "Shani, Shani, Shani."

Nikaganda. Mtu hutajwa hivyo kwa heri? Tangu hapo sikula tena bajia alizoniletea. Niliwatupia kuku, kisha nikashinda nikiwachungulia kuku. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia. Nikawanong'oneza wanawake kisimani, na ulimi, mwanangu, hauna mfupa. Mwezi haukuisha, hakuna aliyempelekea Bi Lalita hata kanga ya kupindwa.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Kinjumbi kuniangalia, akazisikia habari. Akanishika mkono mpaka mlangoni kwa jirani.

"Shikamoo, Bi Lalita," nikasema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona unanitaja kwenye dua zako?"

"Shanti," akatamka polepole. "Maana yake amani. Naiomba mara tatu: dhidi ya mabaya ya ndani yetu, ya viumbe, na ya mbinguni tusiyoyaweza. Kwetu sauti yenyewe ni ibada. Om ndiyo ya kwanza, ulimwengu ulianza nayo. Baba alinifundisha kuyatamka yote sawasawa, herufi isipotee."

Mama mkwe akanigeukia. "Wewe uliyechapwa chuoni kwa kukosea herufi za Kurani, umeshindwa kusikia herufi moja ya mwenzio?"

Nilimwomba Bi Lalita radhi, akanisamehe. Nikawarudia wale wanawake mmoja mmoja, ila wengine waliendelea kumpita kwa mbali. Hata mimi, nisikudanganye, alfajiri iliyofuata nilitega sikio ukutani nihakikishe. Sikusikia kitu. Alikuwa akiomba kimyakimya. Kabla sijajifungua, akahamia Dar es Salaam kwa binti yake.

Mwanangu, leo nawaona mkirushiana kwenye simu mambo mliyoyasikia nusu. Usichokielewa kwa jirani, kamuulize mwenyewe kabla hujawaambia wengine, maana maji yakimwagika hayazoleki. Mungu akupe sikio lenye subira, akujaalie majirani wasiolazimika kunyamaza kwa ajili yako. Amin.