Shingo ya Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Tawi alinipokea mlangoni kwa swali: "Binti, unajua kazi ya afisa madai?" Nikajibu kwamba ni kuwalipa fidia watu waliopata ajali. Alicheka mpaka akavua miwani. "Kazi yako ni kutafuta sababu ya kutolipa. Ukiikosa, ndipo tunalipa." Sikukubali siku ile, na leo nimestaafu bado sikubali.

Nyie mnaoanza kazi ya bima sasa mna simu za kupigia picha. Sisi tulimfuata kila mdai kwake. Dai likifika, kwanza tulitaka PF3, ile fomu ya polisi ambayo majeruhi huenda nayo hospitali ili daktari aandike alichokiona. Kisha alitumwa mkadiriaji, mtu wa kupima ukubwa wa hasara. Gari halikuwa na shida: taa imepasuka, bodi imebonyea, kila mtu anaona. Ugomvi ulikuwa kwenye shingo. Ukigongwa kwa nyuma, kichwa hurushwa nyuma na mbele kwa ghafla, misuli na kano za shingo zikavutika, lakini eksirei inaonyesha mifupa mizima. Watu wa namna hiyo wakubwa wangu waliwaita waigizaji.

Mama Kulwa, mkulima wa mpunga wa Mwamkulu, alikuwa mmoja wa hao waigizaji. Bajaji aliyopanda ilisimama kupisha ng'ombe, lori likaigonga kwa nyuma. Lori hilo bima yake ilikuwa kwetu. Hakutoka damu, akatafuta bajaji nyingine akaenda sokoni Kashaulili kuuza mchele wake. Kesho yake hakuweza kugeuza shingo. Mwanamke aliyezoea kujitwisha maji, kuni na magunia akawa hawezi kubeba hata ndoo ndogo kichwani, na mawifi zake wakaanza kusema amepata kisingizio cha uvivu. Hilo lilimuuma kuliko shingo yenyewe.

Tulikwenda kwake mimi na mkadiriaji, kijana mtanashati kutoka makao makuu. Mama Kulwa alitutolea viti. Kila alipotaka kutuangalia, aligeuza mwili mzima.

"Shikamoo, mama," mkadiriaji akaanza.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni sana."

"Habari za shingo?"

"Nzuri, baba. Namshukuru Mungu."

Mkadiriaji akaandika. Mama Kulwa akavuta pumzi, akaanza: "Ila sasa kulala silali, na huku begani panawaka moto..."

"Inatosha, mama. Tumekuelewa."

Tulipofika kwenye gari alinipa karatasi nisaini kama shahidi. Ilisema mdai amekiri kwamba shingo yake haina tatizo.

"Sisaini," nikamwambia.

"Dada, si amesema mwenyewe? Umemsikia."

"Alikuwa anaitikia salamu! Ulitaka akwambie mbaya hata hujakaa vizuri kwenye kiti? Kwenu mnasalimianaje?"

Nikamrudishia karatasi yake. Mkuu wa Tawi alisema nimevunja nidhamu, akamwita Meneja wa Kanda aje kunishughulikia. Wenzangu walinishauri nisaini yaishe. Nikawaambia yakiisha kwangu, kwa Mama Kulwa ndiyo yanaanza.

Meneja akafika, shavu limevimba, leso ameishikilia tayani. Tulikuwa tumesimama wote kumpokea. Nikamwahi.

"Shikamoo, mzee. Habari za jino?"

"Aah, nzuri tu."

Nikamgeukia Mkuu wa Tawi. "Andika, bosi. Meneja amekiri jino lake halina tatizo. Asipewe ruhusa ya kwenda hospitali."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Meneja akabonyeza leso shavuni, akasema kwa taabu, "Nendeni mkamsikilize yule mama upya. Mwacheni amalize."

Safari ile tulimsikiliza mpaka mwisho, taarifa ya daktari ikasomwa, na Mama Kulwa akalipwa. Mimi nikapewa barua ya uhamisho kwenda Karema, kandokando ya ziwa, ambako wakati huo hata gari la kugongana nalo ulilitafuta. Walidhani wamenikomoa. Nilikula migebuka, samaki wa huko ziwani, nikafanya kazi yangu, na kila mkadiriaji aliyekuja huko nilimwambia kabla hajafungua kalamu: salamu haiandikwi. Waliniita mkorofi. Walikuwa sahihi kabisa.

Siku ya kuniaga, kijana mmoja aliniuliza kwa nini sikuwafundisha wananchi waache kusema nzuri wakati wanaumwa. Nikamuuliza, kwa nini waache? Adabu ile ni yao, wameikuta kwa bibi zao. Aliyekuja na kalamu ndiye ajifunze kusubiri.

Sasa naishi Kakese na nalima. Juzi nilikwenda sokoni Kashaulili nikamkuta Mama Kulwa amekaa nyuma ya mchele wake. Gunia hajitwishi tena. Fidia ilimnunulia guta la matairi matatu la kusombea mzigo, na mawifi ndio wanaomwomba awabebee. Aliponiona aligeuza mwili mzima, kama zamani, akanicheka mvi zangu.

"Habari za shingo, dada?" nikamuuliza.

"Nzuri, mdogo wangu. Namshukuru Mungu."

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikamngoja amalize.