Nilimwondoa Mama Mdogo Ili Nifanane na Viwanda Vikubwa

Kosa ni langu. Asiniambie mtu kwamba ni bahati mbaya, nitamkasirikia na yeye.

Mimi si mbumbumbu. Niliondoka Kisarawe na begi moja, nikapata stashahada ya ugavi ughaibuni, nikarudi kujenga kiwanda cha unga wa muhogo hapa Mkuza, Kibaha. Sikubebwa na mtu.

Huko nje nilifundishwa kielelezo cha michakato ya biashara. Kinaorodhesha hatua zote, toka kununua malighafi hadi kumfikishia mteja mzigo, na kila hatua ina kipimo cha kampuni zinazofanya vizuri. Unajilinganisha nazo, unaona ulipo nyuma. Nikajilinganisha. Kote nilikuwa vizuri, isipokuwa kupokea mzigo. Wao saa moja, mimi siku nzima.

Mpokeaji alikuwa mama yangu mdogo. Makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, yakifika kutoka Kisarawe, anafungua kila gunia, anavunja kipande, anakigusa kwa ulimi. Kisha anamgeukia mkulima: "Muhogo huu mchungu uliuloweka siku ngapi?" Mtu akisitasita, gunia linarudi.

Kwenye kielelezo hatua hiyo haikuwepo. Nikamwambia mbele ya wapakuzi, "Mama mdogo, kiwanda cha kisasa hakionji. Kinapima uzito, basi."

"Na uchungu utaupima kwa mzani?"

Wapakuzi wakacheka. Mimi mwenye cheti nichekwe kwenye kiwanda changu? Nikamwambia aende nyumbani akapumzike.

"Haya, baba. Pima."

Mwezi ule tulipokea mizigo kwa saa moja. Nilijisifu kwa kila aliyenisikiliza.

Kisha shule ya bweni kule Mbwawa ikapika ugali wa unga wangu. Watoto wakatapika, wanne wakalazwa. Muhogo mchungu haukulowekwa vya kutosha, sumu yake ikabaki. Walipona, namshukuru Mungu, lakini shule haitaki tena kunisikia.

Kinachonichoma ni ujinga wangu. Vile vipimo vilikuwa vya viwanda vinavyonunua kwenye shamba moja kubwa, mzigo umeshakaguliwa hukohuko. Mimi nanunua kwa kaya arobaini, kila moja na pipa lake la kulowekea. Kielelezo hakikunidanganya. Nilijilinganisha na watu tusiofanana nao, kwa kutaka sifa.

Nikamfuata Kisarawe. "Shikamoo, mama mdogo. Nimekosa. Rudi kazini."

"Marahaba. Nimekusamehe, ila sirudi. Ulinifanya nionekane sijui kitu mbele za watu. Niache nilime."

Wewe unayejipima na wakubwa, kabla hujafuta hatua yoyote, muulize anayeifanya inazuia nini. Muulize kwa adabu, na umsikilize. Mimi mashine ninazo, cheti ninacho, na jana nimerudisha gari zima la makopa kwa sababu sijui gunia lipi lina sumu.