Mgeni Aliyezuiwa Mlangoni

Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye mlango mmoja, na kwa muda mrefu watu walimwita Bwana Tai. Wengine walisema jina lilitokana na zile tai tatu alizozitunza kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, za kumwazima mgeni aliyefika shingo wazi. Wengine walisema hapana, ni yule ndege, kwa sababu hakuna kilichompita machoni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuamua. Maana zote mbili alizipenda.

Ulikuwa ukumbi wa sherehe, wenye ngazi tano mbele na mlango mdogo wa jikoni ubavuni. Jumamosi mchana palijaa: leo harusi, wiki ijayo mahafali, wiki nyingine watu wanamuaga mstaafu. Kando ya mlango mkubwa palitundikwa kibao cheusi chenye maandishi meupe: WANAUME KOTI NA TAI. WANAWAKE GAUNI LA HESHIMA. NDALA HAZIRUHUSIWI. Kibao hicho Bwana Tai alikifuta vumbi kabla ya kujifuta jasho lake mwenyewe.

Usidhani alikuwa mtu wa majivuno. Kwao yeye na kaka yake walikuwa na suruali moja tu ya kutokea. Mmoja akienda kwenye sherehe, mwingine anabaki nyumbani kusubiri kusimuliwa. Kwa hiyo alipoajiriwa pale na kupewa koti la buluu lenye vifungo vya shaba, mama yake aliligusa begani kwa vidole viwili, kama mtu anayepima joto la pasi. Alipooa, mke wake akawa anamnyooshea suruali mpaka ule mstari wa mbele ungeweza kukatia nyanya. Bwana Tai aliamini kwamba mtu akishavaa vizuri hata sauti yake hushuka, anampisha mwenzake, anakumbuka kusema samahani. Sharti la mlangoni aliliona ni wema. Masikini alikuwa anaingia na tai ya kuazima, akakaa meza moja na daktari, na hakuna aliyejua yupi ni yupi.

Aliamini hivyo mpaka Jumamosi moja ya harusi kubwa.

Asubuhi ile mwenyekiti wa kamati ya harusi alimwambia, "Bwana Tai, leo macho kodo. Wavamizi wamezidi." Na kweli, kufikia saa tisa alikuwa amesharudisha watu wanne. Mmoja alisema ni binamu wa bwana harusi. Alipoulizwa bwana harusi anaitwa nani, akashikwa na kikohozi. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma, anaona yote, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ndipo akatokea mtu mmoja kwa miguu. Alikuwa mrefu, umri wake kama miaka sitini, shati lake jeupe limefuliwa mpaka limekuwa jepesi kama karatasi. Miguuni alivaa ndala zilizokatwa kwenye tairi la gari, na vumbi lilikuwa limempanda hadi nusu ya muundi. Kwapani alibana mfuko wa plastiki.

"Habari za kazi, ndugu yangu."

"Salama. Kadi?"

"Kadi sina. Mimi ni baba wa bibi harusi."

Waliokuwa wamepanga foleni nyuma yake wakaangua kicheko. Bwana Tai hakucheka. Alitabasamu tu, na tabasamu lile ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko neno lolote alilosema.

"Mzee, baba wa bibi harusi yumo ndani. Amevaa suti ya kijivu. Nimemfungulia mlango mwenyewe."

"Huyo ni mdogo wangu," mtu yule akasema taratibu. "Ndiye aliyemlea."

Bwana Tai akamtazama miguuni. Mfukoni alikuwa na tai. Viatu hakuwa navyo. Nyuma yake akamsikia mwenyekiti akigonga saa yake kwa ukucha, tok, tok.

"Kwa viatu hivyo siwezi, mzee wangu. Hata uwe baba."

Mtu yule hakubisha. Laiti angebisha! Waliobisha Bwana Tai aliwazoea, na akifika nyumbani alikuwa amewasahau wote.

"Haya," akasema. "Basi nitakaa pale pembeni kidogo nisikilize."

Akazunguka ubavuni, akaketi kwenye kizingiti cha jikoni, chini ya kipaza sauti kilichofungwa ukutani. Kutoka pale kila neno la ndani lilisikika kama mtu anakunong'oneza sikioni. Baada ya chakula bibi harusi alipewa maikrofoni ashukuru. Akawashukuru wakwe, akamshukuru mama yake, kisha akamwita baba yake mdogo mbele.

"Wapo wanaoitwa baba kwa jina tu," akasema. "Mimi baba yangu ni huyu hapa. Mwingine simjui."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Bwana Tai akageuza shingo kutazama ubavuni. Yule mtu alikuwa ameinama, anahangaika na miguu yake. Bwana Tai akadhani anajifuta vumbi. Alipotazama tena, hakukuwa na mtu. Mfuko wa plastiki ulikuwa umebaki kizingitini.

Ndani yake alikuta viatu vyeusi vya ngozi vilivyopakwa rangi vikang'aa, na soksi zilizokunjwa vizuri. Namba arobaini na moja. Kisigino cha kiatu kimoja kilikuwa kimepondwa, kama cha mtu aliyejaribu kuingiza mguu kwa nguvu ukakataa.

Angeweza kumkimbilia. Barabara ilikuwa imenyooka, na mgongo wa lile shati jeupe ulikuwa bado unaonekana. Lakini wageni wengine walikuwa wanapanda ngazi. Akawauliza kadi.

Jumatatu yake asubuhi bibi harusi akaja. Alikuwa na nguo za safari, hina bado imekolea mikononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bibi harusi. Hongera sana."

"Asante. Nilitaka kukuuliza kitu. Jumamosi hakuja mtu mrefu hivi, mtu mzima, anatafuta kuingia? Mama anasema alimpelekea habari kwa siri. Ni baba yangu."

Bwana Tai akaona mambo mengi kwa mpigo: koti lake la buluu, mwenyekiti na ile saa, na maneno yaliyotoka kwenye kipaza sauti. Ulimi ukawa mzito. Halafu ukawa mwepesi kupita kiasi.

"Hapana, mwanangu. Sikumwona mtu wa namna hiyo."

Binti akatikisa kichwa polepole. Uso wake ukafungika kama dirisha.

"Nilijua," akasema. Akaondoka.

Mfuko wenye viatu Bwana Tai aliuficha stoo, nyuma ya viti vibovu. Kwa mke wake hakutamka neno.

Miaka ikaenda, na mambo ya kuvaa yakabadilika bila mtu kutoa tangazo. Kwanza tai zikaanza kupungua, hadi zile zake tatu zikakaa mfukoni msimu mzima bila kuazimwa. Kisha makoti yakabaki kwenye migongo ya viti. Wasichana wakaja na suruali za jinzi, wakapendeza, hakuna aliyeguna. Mabwana harusi wakaanza kuvaa raba nyeupe na suti. Wazee walinung'unika mwaka mmoja au miwili, kisha nao wakagundua kwamba shati la mikono mifupi halikabi shingo. Bwana Tai akazeeka akawa Mzee Tai.

Akaja meneja mpya, mwanamke kijana mwenye haraka. Siku ya pili alisimama mbele ya kibao, akakisoma, akacheka.

"Mzee, watu wanakuja kufurahi. Hawaji kufanyiwa usaili."

Kibao kikang'olewa. Ukumbi ukapakwa rangi, stoo ikafagiliwa, na kila kilichokuwa humo kikaenda jalalani. Mzee Tai alifika kazini siku hiyo akakuta stoo tupu inanuka rangi. Alisimama mlangoni mwa stoo muda mrefu mpaka mpishi akamuuliza kama amepoteza kitu. Akasema hapana.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo ndipo alipoanza kumwona.

Ilikuwa sherehe ya kuzaliwa, wageni wanaingia na jezi za mpira, na kaptula, na ndala. Katikati ya miguu ile yote akaona miguu miwili yenye vumbi hadi nusu ya muundi, ndani ya ndala za tairi, inapanda ngazi ya tatu, ya nne, ya tano, inaingia. Alipoinua macho akaona mgongo tu, na shati jeupe. Akaacha mlango wazi akamfuata ndani. Akapita meza kwa meza, anainama, anatazama chini ya vitambaa vya meza kama mtu aliyedondosha sarafu. Watoto wakamcheka. Hakumkuta.

Tangu hapo mtu yule hakumwacha. Wiki nyingine hakutokea, wiki nyingine alitokea mara mbili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilimchoma zaidi Mzee Tai. Alipita tu pamoja na wengine, kama mtu aliyeambiwa sasa ruhusa. Wakati mwingine, ngazi zikiwa hazina mtu na jua linawaka, alisikia nyuma ya sikio, "Habari za kazi, ndugu yangu," akageuka upesi hadi shingo ikalia. Nyumbani akawa anaacha sahani nusu.

"Unaongea na nani?" mke wake alimuuliza siku moja.

"Nahesabu wageni."

"Leo Alhamisi," mke wake akasema. "Wageni gani?"

Mwaka wa ishirini na mbili tangu harusi ile, Jumanne asubuhi, mwanamke mmoja alipanda ngazi akiwa na suruali ya jinzi na ndala, funguo za gari mkononi. Alikuja kuulizia nafasi ya harusi ya binti yake. Mzee Tai alimpeleka kuona ukumbi, na hakumtambua mpaka waliporudi mlangoni. Mwanamke aliushika ukuta pale palipokuwa na kibao.

"Hapa si palikuwa na masharti? Mimi nilifanyia harusi yangu humu humu. Lilinibana lile gauni hata chakula hakikupita! Binti yangu ameshaniambia, mama, mimi nitavaa raba. Nikamwambia vaa hata gambuti." Akacheka mwenyewe. "Asante, mzee."

Ile asante aliitambua. Alijua akimwacha ashuke zile ngazi hatasema tena maisha yake yote.

"Mama," akasema, "yule mzee mrefu alikuja."

"Mzee gani?"

"Baba yako. Siku ile. Mimi ndiye niliyemzuia. Uliponiuliza nilikudanganya."

Kisha akamweleza yote, kuanzia vumbi la miguuni hadi kisigino kilichopondwa. Mwanamke alisikiliza bila kumkatiza. Funguo zilikuwa zinalia taratibu mkononi mwake.

"Alikaa wapi?"

Akampeleka ubavuni, akamwonyesha kizingiti. Mwanamke hakuketi. Alikitazama tu.

"Hivyo viatu viko wapi?"

"Vilitupwa walipopaka rangi."

"Vilikuwa namba ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Mama aliniambia baba alikuwa anavaa arobaini na nne," akasema. "Aliazima." Kisha akauliza swali ambalo Mzee Tai alikuwa akiliogopa miaka yote. "Nilipokuwa naongea mle ndani, alikuwa bado yupo?"

Hapo palikuwa na nafasi ya uongo wa pili, na ungekuwa uongo wa huruma. Mzee Tai aliuona umekaa tayari mdomoni.

"Alikuwepo," akasema. "Kipaza sauti kilikuwa hapa juu ya kichwa chake. Alisikia yote."

Mwanamke akafunika mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa, sauti yake ilikuwa kavu.

"Alikufa mwaka wa tatu baada ya pale. Walinipigia simu nikamzike. Nikawajibu, hakuja kwangu, siendi kwake."

Mzee Tai akakitazama kile kizingiti.

"Ungeniambia Jumatatu ile."

"Ndiyo, mama."

"Ningemfuata. Nilikuwa na begi mkononi, ningemfuata siku ile ile."

"Ndiyo."

Hakumtukana. Hakumsamehe pia, na Mzee Tai hakuwa na uso wa kuomba. Mwanamke akaenda mpaka kwenye gari lake, kisha akageuka.

"Ukumbi nitauchukua, binti yangu ameshaupenda. Ila siku hiyo, mzee, usiwe mlangoni."

Mchana ule alimsimulia mke wake. Mke wake alikuwa anapiga pasi, akasahau kusogeza pasi, shati likaungua kifuani. Akachomoa waya ukutani, akaketi kitandani.

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Na mimi nakunyooshea suruali," mke wake akasema, kama anajisemea mwenyewe.

Jumamosi ya harusi Mzee Tai alibaki nyumbani. Jumatatu alipofika kazini, mpishi alikuwa anamngojea na habari zimemjaa mdomoni.

"Wewe, yule mama wa bibi harusi ana mambo! Alikataa kuletewa bawabu. Alisimama mlangoni mwenyewe tangu saa nane, juani, na gauni lake. Kila anayepita, karibu, ingia. Mwenye kadi, asiye na kadi. Kuna mafundi wa bomba walikuwa wanachimba barabarani, wana tope mpaka magotini, akawashika mikono akawapeleka mezani! Sahani zikaisha, tukapakulia kwenye mifuniko ya sufuria."

"Alikuwa na furaha?"

Mpishi akafikiri.

"Alikuwa anacheka. Lakini macho yake yalikuwa barabarani muda wote. Walimwita kupiga picha mara tatu, akasema subirini kidogo. Keki ikakatwa hayupo."

Ngazi zilikuwa bado zimejaa maua ya karatasi ya juzi, yamekanyagwa. Mzee Tai akaenda kuchukua ufagio, akaanza kufagia kutoka juu.