Nyumba ya Chaki

Juzi nilishuka basi Sparkhill, mtaa wa utotoni mwangu huku ughaibuni, bila sababu, kama nifanyavyo nikichoka na mji niliomo. Kando ya barabara mtoto alikuwa akichora visanduku vya kurukia kwa chaki. Miguu yangu ilikataa kuvikanyaga. Ngoja nikueleze kwa nini, rafiki.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu tulikaa hapo jirani, katika nyumba zilizoshikana ubavu kwa ubavu, mlango ukifungukia barabarani. Koko, ndivyo tulivyomwita nyanya yangu, hakuipenda nyumba yetu hata siku moja. Mumewe alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba kule kwetu Uvira, na kando ya ziwa watu walizitambua nyumba zake kwa mbali: sebule ya mviringo kama msonge wa zamani, jiko peke yake uani, na barza pana ambapo mgeni hupiga hodi akangoja. "Nyumba bila barza ni mtu asiyesalimia," babu alikuwa akisema. Vita vilimmeza yeye na michoro yake. Nyumba ikabaki kichwani mwa Koko tu, naye alitaka ihamie kichwani mwangu kabla hajaondoka.

Basi kila Jumamosi, sombe ya majani ya muhogo ikichemka na harufu ya ndakala, dagaa wa kwetu, ikipambana na bizari ya majirani, aliichora kwenye saruji ya ua, kwa chaki aliyopewa na mwalimu wa shule ya Jumapili. Kazi yangu ilikuwa kufagia. Kisha tunaingia.

"Weye mutoto, unapita mu ukuta? Mulango iko huku!"

Mimi nikiwa ndani, yeye hubaki barzani na kupiga hodi. Siku moja nilimjibu, "Come in!"

"Nyumba ya bwana yangu haijue Kingereza," akasema, akagoma kusogea. Mama alicheka dirishani hadi akaangusha mwiko. Niliposema karibu ndipo Koko alipovua kandambili na kuingia.

Mvua iliifuta, naye akaichora tena. Lakini kila ilipofutika, nyumba ilirudi imepungua. Kwanza ghala halikurudi. Kisha jiko.

"Koko, jiko liko wapi?"

Aliitazama saruji. "Jiko gani?"

Nikashika chaki nimsaidie, mkono ukabaki hewani. Lilikuwa kushoto, au kulia?

Mwishowe alichora barza na mlango tu. Mimi na Mama tulikuwa tukimtazama kutoka dirishani. Akapiga hodi. Hatukuitika, alikuwa peke yake uani. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza, akatabasamu, akavua kandambili, akaingia. Mama alinibana mkono mpaka ukauma. Koko hakuchora tena, na baridi ilipokuja tulimzika.

Tangu hapo nimepanga vyumba katika miji mingi. Kila mlango najifungulia mwenyewe kwa ufunguo. Hakuna anayeniambia karibu.

Juzi nilizunguka hadi uchochoro wa nyuma. Ua haupo, wenye nyumba wa sasa wamejenga chumba juu yake. Nilifumba macho niione nyumba ya babu, ikaja barza, ukaja mlango, basi. Nikapiga hodi, kwa sauti ndogo.

Na kwetu, ukishapiga hodi, husogei mpaka uitikiwe. Nilisimama pale hadi mvua ikaanza.