Maneno ya Uskoti kwa Mtoto wa Kiume Yalivyofika Walungu

Nilitoka Bukavu kwa sababu dada yangu Nabintu alijifungua binti wa nne, na wakwe zake wakaita kikao cha kuamua kama arudishwe kwetu. Mimi niliagizwa nikampokee, yeye na hiyo wanayoiita aibu. Gari sikuwa nalo. Jirani yangu wa Ibanda, Maman Morag, mwalimu kutoka Uskoti, analo; naye hukusanya maneno ya kale ya kwao ya kumwita mtoto wa kiume. Nikamwambia kwamba kule Walungu, kwa wakwe wa dada, somo lake litapata wapenzi.

Njiani vumbi lilitujaa mpaka menoni. Alinifundisha lad-bairn, callant na loon. Nilipomuuliza ya mabinti, alijibu kwamba hayo hajayaanza. Nilicheka kwa hasira.

Mchana tulifika. Baba mkwe, mzee mwenye kidonda mguuni, alikaa barazani na mwanawe Cishugi, mume wa dada. Maman Morag aliwatajia maneno yake ya wavulana, nami nikatafsiri, na kila neno mzee alilinywea kasigisi, pombe yake ya ndizi.

"Unasikia?" akamwambia Cishugi. "Hata bazungu banajua mutoto ni mwanaume. Huyu muke arudie kwabo. Na babinti yake bote!"

Kimila watoto hubaki kwa baba, lakini mzee alishalewa sifa za wavulana. Nabintu hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alimfunga mtoto mchanga mgongoni, akawaingiza wengine garini.

Mara mzee akaita, "Dawa yangu iko wapi?"



"Sijue, papa," Cishugi akasema. "Ule binti mukubwa njo anakupatiaka."

"Na kidonda, nani anaoshaka?"

Cishugi akatazama gari. Mchuma janga hula na wa kwao, ila hapa wa kwao walikuwa wanaondoka.

"Mwambie muke wako ashuke," mzee akasema. "Kikao tutafanya siku ingine."

"Papa," Nabintu akajibu dirishani, "uite kila mutoto na jina yake, tutashuka."

Mzee alitaja la mkubwa, akakwama. Cishugi akamsaidia mawili.

"Na huyu wa mugongo?" Nabintu akauliza.

"Sijamupatia," Cishugi akasema polepole. "Niliwekaka jina ya kiume tu."

"Maman Morag, twende," dada akasema.

Tulirudi gari limejaa. Nilichojifunza ni kwamba mvulana asiyekuwapo huandaliwa maneno mengi, na binti aliyepo huandaliwa ndoo ya maji. Kabla hatujafika Ibanda, Nabintu alimpa mtoto jina la mama yetu.