Palizi ya Jicho

Walimwita Jicho, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka thelathini alipalilia jaruba lake la mpunga kwa kutazama tu: anapita, anainama, gugu liko mkononi. Wasio na kipaji hicho aliwahurumia kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, hasa mkwewe, mke wa mwanawe, mwenye macho hafifu. Huyo alikatazwa kupalilia, akawa mbebaji wa magugu yaliyong'olewa.

Mwaka huu akaja mkaguzi wa mbegu. Shamba la Jicho lilikuwa kwenye orodha ya mashamba ya mbegu, na kwa heshima hiyo alitembea kifua mbele hata akienda chooni. Mkaguzi akaingia kwenye maji, akang'oa mashina kumi na mawili.

"Haya yote ni magugu, mama."

"Huo ni mpunga."

"Yamefanana na mpunga. Ndiyo shida yenyewe."

"Kwa hiyo magugu yalikaa kikao yakakubaliana kuvaa sare?"

"Hayakukaa. Zamani yalikuwa na shina jekundu. Moja likazaliwa la kijani, hiyo ni bahati. Lakini kubaki hadi likazaa, hapo bahati haimo. Mekundu uliyang'oa, la kijani ukaliacha. Umechagua wewe kila msimu, na kabla yako mama mkwe wako. Tena mna macho makali, ndiyo maana yamefanana hivi."

Jicho hakuwahi kusifiwa vibaya namna ile. Akapewa siku saba: likionekana gugu hata moja, shamba linafutwa kwenye orodha.

Kesho yake alikodoa macho mpaka yakamtoka machozi. Alimlaumu mkaguzi, akailaumu mvua, kisha akailaumu bahati, ambayo ina sifa ya kutojibu.

"Mama, huo unaong'oa ni mpunga," mkwewe alisema nyuma yake. "Papasa hapa, jani linapokutana na shina. Mpunga una kiulimi kidogo. Gugu halina."

Jicho akapapasa. Kiulimi kipo. Akapapasa shina la pembeni, hakipo.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu mwaka nilioolewa."

"Miaka kumi na minne! Mbona hukusema?"

"Nilisema, mama. Ukaniambia sina macho."

Jicho akasogea pembeni kumpisha mkwewe. Jaruba lilikuwa kubwa, na siku zilibaki sita.

"Tangulia wewe," alisema.